Bastola kiunoni bila leseni? Texas si Sachangwan

Hebu niambie ukweli: ukiruhusiwa leo kutembea na bastola kiunoni bila mtu kukuuliza leseni, utaibeba? Mabeshte wangu hapa steji ya Sachangwan walijibu ndiyo kabla hata sijamaliza kuuliza. Mmoja huendesha trela usiku barabara ya Nakuru–Eldoret, na sababu yake naielewa.

Swali nililitoa Marekani. Majimbo 29 kule yanakuruhusu kuficha bastola chini ya koti bila kibali, mradi sheria haikuzuii kumiliki bunduki. Vermont haijawahi kudai kibali. Alaska ikafuata 2003, Texas 2021, Florida 2023. Halafu Juni 2022 Mahakama ya Juu yao ikafuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji aonyeshe sababu maalum ya kubeba.

Sasa angalia kwetu. Hiyo sababu ndiyo nguzo ya sheria yetu ya bunduki, Sura ya 114. Lazima uiridhishe Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki kwamba una sababu nzuri, na kwamba silaha mikononi mwako haitahatarisha watu. Katiba ya 2010 haikupi haki ya bunduki popote. Hata Kifungu cha 37 cha kuandamana kinasema uende kwa amani, bila silaha. Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wakaguliwe upya.

Kinachonikera ni kimoja: sababu nzuri ya nani? Tajiri wa Nairobi ana wakili wa kumjazia fomu. Mkulima wa viazi wa hapa hana hata bei ya hiyo bastola. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii haitaki digrii: ukiondoa leseni, atakayebeba ni tajiri yule yule, ila sasa hakuna wa kumuuliza.

Halafu kuna stori ambayo wazee hawapendi kuigusa. Mwanzoni mwa 2008, Molo na Kuresoi, majirani waliuana kwa mishale na mapanga. Nilikuwa mtoto. Wewe chukua wiki zile zile, uweke bastola kwenye kila kiuno.

Nilimwambia hivyo beshte wa trela. Akanyamaza, akamaliza chai, akasema bado angetaka moja.

Na jirani yako naye akiwa na yake?

"Hapo sasa," akasema, akapanda gari.