Picha ya ndege ni bora kuliko ndege tunduni

Mtu mzima akianza kujifunza jambo jipya, hakosi kukumbushwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nami nimeambiwa hivyo mara nyingi tangu nianze kujifunza kupiga picha za ndege, umri ukiwa umeshapita miaka arobaini. Wenzangu huuliza inakuwaje mwalimu mzima ashinde bondeni akivizia yangeyange kama mtoto mwenye manati.

Kwa maoni yangu, methali hiyo haituhusu sisi tuliorudi Rwanda kutoka ukimbizini. Nchi hii tuliijifunza ukubwani. Mimi nilisomea Karagwe, Tanzania, na wengine walisomea Uganda, Burundi au Kongo. Vilima, njia, hata majina ya shangazi zetu tuliyajua baada ya kurudi. Kwa nini basi tuone aibu kujifunza ndege?

Yule niliyemwita yangeyange kule, hapa anaitwa inyange. Mwewe ni sakabaka na kunguru ni igikona. Ndege ni wale wale, wanavuka Mto Akagera bila pasi wala ushuru. Anayewapiga picha na kuandika majina yao kwa lugha zote mbili anawaachia watoto wake urithi usiohitaji shamba.

Lakini hoja yangu kubwa ni umusambi, yaani korongo taji, ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Tangu mwaka 2012 amewekwa kimataifa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Mabondeni anakotaga, mayai yake mara nyingi mawili au matatu tu, watu wanalima, na wengine wanakamata makinda kwa ajili ya kuuza. Wapo waliomfuga kama pambo la bustani, wakamkata mabawa. Kuanzia 2014 Rwanda ilianza kuwakusanya waliofugwa majumbani. Wenye uwezo wa kuruka wakarudishwa porini, na baadhi ya walemavu wanatunzwa Umusambi Village, Kigali. Nenda ukawatazame, utaona gharama ya pambo lile.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, hapa nazungumza nanyi. Mzigo mdogo wenye bei kubwa unashawishi. Lakini korongo taji hasafirishwi kihalali kutoka nchi moja hadi nyingine bila vibali, na biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu 2017. Ukibebeshwa tundu lililofunikwa kitambaa, likataeni. Ndege akiuzwa, ameuzwa mara moja. Ndege aliyebaki bondeni huleta wageni mwaka hadi mwaka, nao hula, hulala na kupanda pikipiki zetu.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri ni mfupi. Si lazima kamera mpya. Iliyotumika, yenye lenzi ya milimita 300, inatosha. Toka alfajiri, jua liwe mgongoni kwako. Ndege anayeruka anahitaji kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi, na aliyetulia mlenge jicho. Inama ulingane naye. Usikaribie kiota, kwani mama akikimbia, mayai hupoa au huliwa. Karibu na daraja au kituo cha mpakani, omba ruhusa kwanza, maana askari hajui kama unafuata ndege. Asiye na kamera aanze na daftari katika bustani ya Nyandungu, Kigali, iliyofunguliwa 2022.

Haraka haraka haina baraka, na hapa ndipo mtu mzima anapomshinda kijana. Sisi tuliosubiri miaka mingi kurudi nyumbani tunajua kungoja. Saa mbili za kukaa kimya kando ya matete haziwezi kutushinda. Tuwaachie wanetu umusambi akiwa hai bondeni, wasije wakamjua kwa picha zetu peke yake.