Majitaka ya Dodoma: Dhara Haliondolewi kwa Kumpelekea Jirani Mwingine

 

Ndugu msomaji, katika uwanda huu wa kati mvua ni neema inayosubiriwa kwa miezi mingi. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini mkazi wa Miyuji anapoona mawingu yamefunga upande wa milima, moyo wake hubeba mambo mawili kwa pamoja: shukrani kwa Mola wake, na hofu ya kile ambacho maji yatakibeba. Makorongo ambayo mtoto aliyavuka kwa miguu mchana huwa mito ifikapo magharibi. Yanapopita penye shimo la choo lililojaa, au penye karo lililopasuka, huondoka na vilivyomo na kuvifikisha mlangoni kwa mtu asiyehusika.

Leo tulitazame jambo ambalo ni nadra kusikika mimbarini: mji unaokua uweke wapi uchafu wake, ilhali maji ya mvua yana njia zake tangu kale?

Mji umekua, uchafu nao umekua

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Kwa miaka mingi utekelezaji ulikwenda polepole. Baadaye, hasa kuanzia mwaka 2016, ulikwenda kwa kasi. Aprili 26, 2018, Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Kila aliyeongezeka anahitaji maji ya kunywa na kutawadhia, na kila tone aingizalo nyumbani hutoka likiwa majitaka.

Majitaka yanayokusanywa kwa mabomba na Mamlaka ya Maji, DUWASA, yamekuwa yakipelekwa kwenye mabwawa ya Swaswa. Mji ulipotanuka, nyumba ziliyakaribia mabwawa, na malalamiko ya harufu yakafuata. Mpango uliotangazwa ni kujenga mfumo mpya huko Nala, kwenye barabara iendayo Singida, kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wakazi, wa Miyuji wakiwemo, hutegemea mashimo na makaro, na yakijaa huita gari la kunyonya kwa gharama ambayo si kila kaya inaimudu.

Yafaa tuelewe kwanza kazi ya mabwawa haya. Majitaka huingia bwawa la kwanza, tope likatuama chini na kuozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Kisha huingia bwawa la pili na yanayofuata, ambamo jua, upepo na mwani hukamilisha kazi ya kuua vimelea. Hakuna mashine kubwa wala kemikali ghali. Kinachotibu ni muda. Maji yakikaa siku za kutosha hutoka yakiwa na madhara madogo. Mafuriko yakiingia mabwawani, muda huo hupotea. Maji ya bwawa la kwanza husukumwa nje kabla ya wakati wake, na tuta likibomoka, kilichokusanywa kutoka nyumba elfu huachiliwa mahali pamoja.

Kwa nini basi mabwawa huwekwa mabondeni? Si ujinga wa wahandisi. Majitaka husafiri kwa mteremko, bila umeme wala pampu, na mteremko huishia bondeni. Bonde hilohilo ndilo mafuriko huliendea. Ukitaka kuyainua majitaka hadi penye usalama, lazima ulipie pampu, umeme, mafundi na vipuri kila mwezi, na gharama hiyo hatimaye hufika kwenye ankara ya mwananchi.

Mvua ileile ndiyo inayotunywesha

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao ndio unaoifanya Dodoma kuwa na mtihani wa pekee. Tangu miaka ya 1950, mji huu umenywa maji ya visima vya bonde la Makutupora, kaskazini ya jiji, katika eneo la Mzakwe. Vipimo vya kina cha maji ya visima hivyo vimehifadhiwa kwa zaidi ya nusu karne. Watafiti waliovichambua walichapisha mwaka 2013 jambo la kuzingatia: maji ya chini ya ardhi hapo hayajazwi na mvua za kawaida. Hujazwa zaidi katika misimu michache yenye mvua kubwa kupindukia, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998.

Tafakari, ewe msomaji. Mafuriko tunayoyaogopa ndiyo yanayotuwekea akiba ya miaka ya ukame. Haitupasi kuomba mvua kubwa isije, kwani tutakuwa tumeomba kiu. Tunachopaswa kufanya ni kuhakikisha kwamba ikija haikuti najisi njiani mwake. Hofu hii ina ushahidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu maji ya chini ya ardhi ya Dodoma ulikuta naitreti kwa wingi, na ukaihusisha na majitaka. Wakati huo mji ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na wa leo.

Wala uchafu wetu haubaki kwetu. Maji ya upande wa Makutupora hushuka hadi bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, kisha hufuata mto Kinyasungwe, yakaingia mfumo wa Wami na kumwagika Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji ya mkondo huo yaliikata reli ya kati katika eneo la Kilosa na kuwaacha maelfu bila makazi. Aliye uwanda wa juu na aliye pwani wananywa, kwa namna fulani, mtungi mmoja.

Funzo la pwani

Pwani wametangulia kuonja. Jijini Dar es Salaam, mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yapo jirani na bonde la Msimbazi, na bonde hilo likifurika hakuna anayeweza kutenganisha maji ya mvua na maji ya vyoo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini humo, na Serikali ikawapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande. Huko Beira, Msumbiji, kimbunga Idai kilipopiga Machi 2019, kipindupindu kilifuata nyuma yake na kuwapata watu zaidi ya 6,000.

Hata matajiri hawakusalimika. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilizamisha mitambo ya majitaka katika pwani ya New York na New Jersey, na uchafu ukamiminika mitoni na baharini. Mwaka uliofuata jiji la New York lilitoa mpango wa kuinua mota na vifaa vya umeme na kuvizungushia kinga pale palipowezekana, bila kuhamisha mitambo yote. Funzo ni kwamba njia ni zaidi ya moja. Pengine tuta refu na mtaro wa kuyapitisha maji ya mvua pembeni vinatosha. Pengine hapana budi kuhama. Linaloamua ni vipimo vya ardhi na vya mvua, kabla ya kauli za majukwaani.

Uislamu unasemaje?

Dini yetu imeanza na tohara kabla ya sala. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akatahadharisha juu ya kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini wanapopumzika watu, akiyahesabu hayo kuwa ni mambo yanayoleta laana. Ikiwa mtu mmoja anayeharibu kivuli cha wenzake ameonywa hivyo, mji mzima unaoacha uchafu wake umwagike kwenye mkondo wa jirani utajiteteaje?

Wapo watakaosema kuwa mafuriko ni kadari na hakuna la kufanya. Hao wamjibu Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba wanatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah, na akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na jingine kame. Kuhamisha mabwawa kutoka njia ya maji ni kufuata mwendo huo wa Umar.

Lakini hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu ya leo. Wanazuoni wa fiqhi, wakijenga juu ya mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba kusiwe na kudhuru wala kudhuriana, wameweka kanuni kuwa dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake. Mwenye nyumba jirani na mabwawa ya Swaswa ana haki ya kuondolewa harufu. Mkulima wa Nala naye ana haki ya kutopelekewa. Ikiwa kuhama maana yake ni kuutoa uchafu kwa wenye sauti na kuupeleka kwa wasio nayo, basi hatujaondoa dhara, tumelibadilishia anwani.

Kwa hiyo yapo mambo ya kupima. La kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeagiza fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kabla ya sheria hiyo tulikuwa na mfano ulio bora zaidi: kiwanja cha Msikiti wa Madina kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, lakini Mtume (S.A.W.) hakukubali mpaka kikanunuliwa. Ikiwa msikiti wake haukujengwa juu ya ardhi isiyolipiwa, seuze bwawa la majitaka?

La pili ni mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu zenye kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo zisipimwe wakati wa kiangazi, korongo likiwa mchanga mtupu. Waulizwe wazee wa mahali maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa.

La tatu ni matunzo. Surat Saba imetukumbusha watu waliokuwa na bustani kuumeni na kushotoni, kisha wakapuuza shukrani, na mafuriko ya bwawa yakawaondolea neema yao. Mradi unaozinduliwa kwa shangwe na kuachwa bila fungu la kuzibua mitaro na kukarabati matuta ni mafuriko yaliyoahirishwa.

La nne ni faida. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi kwamba majitaka yakisafishwa kwa ukamilifu hadi rangi, ladha na harufu ya najisi vikatoweka, huwa tohara, ingawa kwa kunywa waliona ni bora kutumia maji mengine kwa kuchunga afya. Katika mji mkame kama wetu, maji yaliyotibiwa na kupimwa yangeweza kunywesha miti na malisho. Jirani wa mtambo awe wa kwanza kunufaika nayo, kwa kuwa ndiye anayebeba ujirani mzito.

Wajibu wetu Miyuji

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa abiria wa jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, wakiona taabu kupanda kuteka maji, waliazimia kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Anayefungulia shimo lake la choo mvua ikinyesha, ili lijisafishe bure, anatoboa jahazi. Anayejenga ukuta juu ya mkondo wa maji anatoboa pia, hata kama ana hati. Na anayeketi juu akawaachia wa chini taabu ya kuteka maji, asishangae kusikia nyundo.

Basi kamati za misikiti zianze na vyoo vyao wenyewe: je, shimo la msikiti limejaa, na maji yake yanaelekea wapi? Waumini wenye uwezo wachangie gharama za gari la kunyonya kwa wajane na wazee wa mtaa kabla ya Desemba, kama Sayyidna Uthman (R.A.) alivyonunua kisima cha Ruma kwa ajili ya wote. Viongozi wa mitaa wauombe mpango wa majitaka usomwe hadharani, na watu wa Nala waitwe kwenye mkutano huo kama wenye haki, si kama wageni waalikwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie mvua yenye manufaa, atuepushe na yenye madhara, na atupe viongozi na raia wanaoogopa kusimama mbele Yake wakidaiwa na jirani. Amin.

Wabillahi tawfiq.