Ramani za Taita Taveta zachorwa kila siku, mbona vijana wetu wa GIS wako nyumbani?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mpwa wangu alinisubiri nje ya duka moja hapa Bomeni akiwa na simu mkononi. "Mjomba, nimepata nafasi ya uanagenzi Nairobi," akaniambia. Kabla sijamaliza kusema alhamdulillahi, akanionyesha ujumbe wenyewe. Alitakiwa atume shilingi 3,500 za "kusajiliwa" kabla ya saa kumi jioni, ndipo aitwe kwenye usaili. Hapakuwa na barua wala jina la ofisi, ila nambari ya simu tu. Nikamwambia huo ni wizi mtupu. Akanijibu neno ambalo mpaka leo limenikwama kooni: "Najua, mjomba. Lakini ndio wa kwanza kunijibu tangu nimalize chuo."

Binti huyu ana shahada ya mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo wenyewe huiita GIS. Kwa asiyeijua, ni elimu ya kukusanya habari za mahali, kuziweka juu ya ramani ndani ya kompyuta, kisha kuiuliza ramani hiyo maswali. Kisima kiko wapi na nyumba ngapi zinakitegemea? Ndovu hupita njia gani wakati wa kiangazi? Mto ukifurika, maji yataingia kwa nani kwanza?

Ametuma maombi hadi amechoka. Karibu kila tangazo lataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Uzoefu hupatikana kazini, na kazini haingii bila uzoefu. Wazazi wake waliuza ng'ombe kumsomesha, na sasa majirani wameanza kuuliza ile digrii ni ya nini.

Mimi nauliza swali jingine. Je, ni kweli kazi hiyo haipo kwetu?

Tuangalie kaunti yenyewe. Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 17,084, na kiasi cha asilimia 62 ya eneo hilo limo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671. Watu hao wamebanwa kwenye sehemu iliyobaki, pamoja na mashamba ya mkonge, ranchi na machimbo ya vito. Hapa Taveta twajua habari ya ardhi tangu Ewart Grogan alipojipatia maelfu ya ekari wakati wa ukoloni, na kasri lake lingali juu ya kilima likitutazama. Twajua Mto Lumi ukifurika hufanya nini kwa migomba ya watu. Twajua Ziwa Jipe na magugu yake. Mzozo wa shamba, ndovu, maji, madini, yote haya ukiyachunguza utaona ni maswali ya ramani.

Na ramani hizo zachorwa, msidhani vinginevyo. Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki, kilichofunguliwa rasmi 2011. Wanajiografia kutoka Ufini wameichunguza milima ya Taita kwa miaka mingi, hata kwa mionzi ya leza kutoka kwenye ndege. Kule Kasigau, mradi wa Wildlife Works ulikuwa wa kwanza duniani kuidhinishwa kuuza hewa ya kaboni ya kulinda misitu chini ya kiwango cha VCS, mwaka huo huo wa 2011. Biashara hiyo haiendi bila mtu wa kupima msitu kwa picha za setilaiti na kwa miguu. Kwa hivyo elimu aliyosoma mpwa wangu inatumika kwenye udongo wake mwenyewe. Ila yeye ndiye hajapata mlango.

Kuna na sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, yataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, uliojengwa juu ya hifadhidata ya GIS. Hilo ni agizo la sheria, si hiari ya gavana. Lakini mazoea ya kaunti nyingi nchini ni kuitoa kazi hiyo kwa tenda. Mshauri anakuja na watu wake, anapima, anachora, kitabu kinazinduliwa, picha zinapigwa, mshauri anarudi Nairobi. Baada ya miaka miwili barabara mpya hazimo, mitaa mipya haimo, na hakuna aliyeachwa ofisini wa kuziongeza.

Zamani tungesema, haidhuru, kijana aende Nairobi. Kasarani kuna RCMRD, kituo cha kanda cha ramani na rasilimali kilichoanzishwa 1975, na wengi wamefunzwa pale. Lakini tuwe wakweli. Sehemu kubwa ya kazi za ramani Afrika Mashariki zilikuwa zikilipwa na wafadhili. Mradi wa SERVIR, uliokuwa hapo RCMRD tangu 2008, ulisimama juu ya NASA na USAID, na USAID ilifungwa mwaka 2025. Bomba hilo limepungua maji, na vijana wanaomaliza chuo wanazidi.

Milango ya taifa iliyobaki ni ya kuvizia mapema. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wa uanagenzi wa mwaka mmoja wenye posho. Shirika la Takwimu hulazimika kuchora upya maeneo ya kuhesabia kabla ya kila sensa, na kwa desturi ya miaka kumi, ijayo ni 2029. Katiba yasema mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Ya mwisho ilikamilika 2012, kwa hivyo kazi hiyo imeshachelewa. Kijana wa GIS asisubiri asikie tangazo kwa jirani.

Sasa tutazame waliofanya vizuri, nao si mbali. Dar es Salaam mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Jiji lilikuwa likizama kila masika, na mitaa mingi haikuwa na ramani ya mitaro. Wakachukuliwa wanafunzi wa vyuo vikuu, Chuo Kikuu Ardhi kikiwemo, wakatembea vichochoroni pamoja na wakazi, mtaro kwa mtaro, na kuweka yote kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Mwaka 2016 Zanzibar nayo ikaanza kupiga picha visiwa vyake kwa droni, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA wakawa miongoni mwa waliozirusha. Baadhi ya vijana wa Ramani Huria ndio baadaye walioendeleza shirika la OpenMap Development Tanzania, ambalo nalo limefunza wengine.

Waliambiwa njooni mjifunze kazini, na kazi yenyewe ilikuwa na faida kwa mji. Hakuna aliyewadai miaka mitatu ya uzoefu.

Mimi mwenyewe nina diploma tu. Nilipotoka chuoni, ofisi moja ilinipokea kwa mafunzo ya miezi mitatu bila senti. Miezi miwili nilikuwa mtu wa chai na fotokopi. Ule wa tatu mzee mmoja akanionea huruma, akanipa faili moja na kusema, "Hii ni yako, ukikosea niulize." Yote niliyojifunza pale niliyajifunza kwenye faili lile. Tena mimi nilikuwa nalala kwa ami yangu na kula kwake. Asiye na ami mjini angefanyaje? Uanagenzi usiolipwa ni chujio la maskini. Dini yetu imetufundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, wala sijasikia mwanagenzi akitolewa kwenye hukumu hiyo.

Kwa hivyo kwa wakubwa wetu wa kaunti na wawakilishi wadi, nina maombi mawili. Kwanza, kila tenda ya ramani au mipango iwe na sharti: mshauri achukue vijana wa hapa waliosomea kazi hiyo, awalipe posho, na data yote ibaki mikononi mwa kaunti pamoja na mtu anayeweza kuifungua. Pili, tunatoa basari mwanafunzi asome miaka minne, kisha mwaka wa tano tunamwacha barabarani. Tengeni sehemu ndogo ya fedha za vijana kwa mwaka huo wa tano. Idara za maji, ardhi, kilimo na afya zote zina maswali ya ramani yanayolala kabatini.

Na kwa vijana, maneno machache ya mjomba. Usilipe mtu yeyote ili upate kazi. Usingoje tangazo likukute mikono mitupu. Programu ya QGIS ni ya bure, picha za setilaiti ya Sentinel ni za bure, OpenStreetMap iko wazi kwa kila mtu. Najua laptopu na bando si bure, lakini laptopu moja yaweza kutumiwa na watatu. Chora ramani moja tu ya kwenu inayojibu swali moja la kweli. Usiipeleke kwa karani wa ajira. Mpelekee mwenye tatizo: meneja wa maji, kiongozi wa hifadhi ya jamii, afisa wa kilimo. Atakayeona mtaa wake ndani ya ramani yako hatakuuliza kwanza una miaka mingapi ya uzoefu.

Lakini tahadhari moja, hasa hapa Taveta. Mipaka ya mashamba ni kazi ya mpimaji mwenye leseni kisheria. Usimchoree mtu mpaka ukamwambia hiyo ndiyo hati. Waweza kuwagombanisha ndugu kwa bonyezo moja la kompyuta.

Tulirudi nyumbani na mpwa wangu. Akafungua laptopu yake ya zamani, akanionyesha kazi aliyoifanya chuoni: sehemu ambazo Lumi humwaga maji, na nyumba zilizo karibu. Niliitazama kwa muda mrefu. Mtaa mmoja aliuandika jina lisilo lake, la kwenye ramani za serikali. Nikamtajia lile tunaloliita sisi, akalisahihisha papo hapo. Kisha nikamwonyesha mahali ambapo maji hufika na yeye hakupaka rangi, kwa sababu picha ya setilaiti ilipigwa siku ambayo maji yalishapungua. Akauliza, "Nani mwengine anajua mambo haya, mjomba?" Nikamtajia wazee watatu.

Ile 3,500 haikutumwa. Wiki hii atawaendea wale wazee, kisha ataipeleka ramani kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nisije nikaiharibia bahati yake. Wakimpokea, inshallah nitawaambia. Wakimfungia mlango, nitawaambia pia.