Roketi hupaa, kibarua hubaki

Ndugu wafanyakazi wa Gitega na Muyinga,

Wapo wasemao kwamba penye kituo cha roketi mji hukua wenyewe. Haya, tutazame. Karibu na Malindi, Kenya, Waitalia walirusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini tangu 1967 hadi 1988. Walipachagua kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi. Satelaiti ya tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru. Jina tamu! Lakini roketi yenyewe iliundwa Marekani.

Kourou, katika Guyane ya Wafaransa, roketi zinaruka tangu 1968. Hata hivyo mwaka 2017 wananchi walikuwa bado wanadai hospitali, shule na usalama. Mwezi Machi vyama vya wafanyakazi viligoma, barabara zikafungwa, roketi ya Ariane ikakaa chini hadi Mei. Tarehe 21 Aprili serikali ilitia sahihi kutoa zaidi ya euro bilioni moja. Pesa kumbe zilikuwapo!

Kwetu hakuna roketi, ila Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na ujenzi upo. Kila kampuni ijayo, hata ya kahawa Muyinga, tuiulize kabla ya jiwe la msingi: vibarua wangapi watapata mkataba wa maandishi, na nani atafundishwa mashine?