Lugha Iliyoachwa Ndani ya Basi

Imezuka desturi miongoni mwa walimu wenzetu wa Kiswahili ambayo hatuwezi kuiacha ipite bila kuisemea. Kila wanapowachukua wanafunzi kwenda kuzuru Jinja na Mbale, alasiri nzima hupangwa kwa Kiingereza. Kiongozi wa matembezi husema Kiingereza, ratiba imeandikwa Kiingereza, orodha ya vyakula ni ya Kiingereza, na mwalimu mwenyewe, aliyewaomba wazazi nauli kwa jina la Kiswahili, huikumbuka lugha yake pale tu anapowahesabu wanafunzi ndani ya basi.

Tuitazame ratiba hiyo. Saa nane mchana watoto wako Jinja. Saa tisa wamepigwa picha penye chanzo cha Nile. Saa kumi wanakula hotelini. Kisha wanasukumwa barabarani kwenda Mbale, masafa ya kilomita 150 hivi, wafike usiku ambapo hata mlima hauonekani tena. Huko ni kukimbizana, si kuzuru. Atakaye miji yote miwili na akubali kulala.

Penye chanzo wanafunzi huelezwa habari za John Hanning Speke aliyefika tarehe 28 Julai 1862, na za maporomoko ya Ripon, yaliyozama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Vema. Lakini Speke hakushuka kutoka mbinguni. Alitoka Unguja mwaka 1860 na msafara wa wapagazi na askari, na miongoni mwa wakuu wa msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa India, kisha akarudi Afrika Mashariki. Speke alisema naye Kihindustani, naye Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili. Bila ulimi huo, Mwingereza yule angeuliza njia kwa nani? Somo liko tayari, nao wenzetu hulipita mbio wakiwahi viazi vya kukaanga.

Watakuwapo watakaotuambia kwamba haya ni mambo madogo. Katika Uganda si madogo hata kidogo, maana hapa lugha yetu ina jeraha. Ilikuwa lugha ya kambini, na Jinja ni mji wa kambi. Ndiko askari walikoasi Januari 1964. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na wapo wazee ambao kwanza waliisikia vizuizini, wakiamrishwa kulala chini. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imeipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini karatasi haimwondolei mtoto hofu aliyorithi nyumbani. Huondolewa na mama anayepima samaki, akataja bei, akapunguza, akacheka. Alasiri moja ya namna hiyo yaweza kufanya kazi ambayo mihula mitatu ya ngeli haikuifanya, nasi twaitumia kumfundisha mtoto kuagiza soda kwa Kiingereza!

Basi na apelekwe kwa wenye mashua, apatane nao nauli mwenyewe. Aende sokoni akaulize kwa nini sato huitwa ngege. Atembee barabara kuu chini ya baraza za maduka ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, asome majina na miaka iliyochongwa juu ya baadhi ya majumba yale. Akiona njaa, ipo chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo Waganda huiita roleksi. Na mwalimu mwenye akili ataeleza hapo hapo jinsi Kiingereza kilivyokunjwa pamoja na yai hilo.

Mbale, mlo uwe malewa: machipukizi ya mianzi ya Masaba, yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga zilizosagwa. Mpishi aelezwe mapema kwamba ataulizwa maswali. Na iwapo ni mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, Wamasaba hufungua msimu wa imbalu uwanjani Mutoto. Wanafunzi hawatakuwa na haja ya kiongozi wa kulipwa, watahitaji adabu na lugha ya kuulizia.

Pingamizi kubwa tunalolisikia ni kwamba Kiswahili cha masokoni si sanifu, kitawaharibu watoto. Ajabu! Mwalimu anayekiogopa Kiswahili cha muuza nyanya hakiogopi Kiingereza cha kiongozi wa watalii. Mtoto akisikia upatanisho uliovunjika, na auandike daftarini. Jumatatu darasa zima litausahihisha, nalo litakuwa limepata sentensi iliyosemwa na mtu mwenye shida ya kweli, badala ya Juma na Hamisi wanaokwenda shambani tangu enzi za babu zetu.

Ratiba za likizo zinaandikwa sasa. Tunawataka wenzetu wafute saa ya hotelini kwanza, kabla ya kufuta jambo jingine lolote.