MAARIFA YA NYUMBANI: Zana za Kufungulia Bunduki ya Upepo

Askari aliyefundishwa vema huweza kuifungua bunduki yake ya kazini gizani, akavipanga vipande vyake juu ya turubai, akaisafisha na kuifunga tena bila ya zana yoyote ila vidole vyake na mdeki. Ustadi huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo, ndio huo huo uwezao kumponza siku atakapoketi barazani na bunduki ya upepo mapajani, bisibisi ya jikoni mkononi, na watoto wamemzunguka wakitazama. Bunduki ya vita ikisha kutolewa risasi ni chuma kitupu, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa katika baruti. Bunduki ya upepo haina baruti. Nguvu yake yote imo katika springi moja nene iliyojikunja tumboni mwake, na springi hiyo haiondoki kwa kuondolewa risasi.

Yafaa kwanza kueleza namna inavyofanya kazi. Mtu anapokunja mtutu, au anapovuta mkono wa chuma ulio chini ya mtutu, pistoni hurudishwa nyuma ndani ya silinda na springi hubanwa, mpaka jino la kifyatulio linaponasa. Akifyatua, springi huitupa pistoni mbele. Hewa iliyo mbele ya pistoni hushindiliwa, hupenya katika tundu dogo, na kuisukuma punje ya risasi ya milimita 4.5 au 5.5. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba hata katika bunduki isiyokokiwa, springi haijalala. Kiwandani iliingizwa kwa kubanwa, na katika bunduki nyingi kubwa hukaa ikisukuma kwa nguvu kama uzito wa kilo 20 au 30. Kinachoizuia isitoke ni pini moja au mbili zinazopita katika silinda, au kizibo cha chuma chenye uzi. Atakayeigonga pini hiyo ikatoka, hali hakuweka kizuizi nyuma yake, atarushiwa kizibo kifuani au usoni. Kukishika kwa kiganja hakufai. Mkono hausimamishi mzigo wa namna hiyo unapokuja kwa ghafula.

Kwa sababu hiyo zana ya kwanza si bisibisi wala nyundo, bali ni kibanio cha springi. Nchini Uingereza, ambako kiwanda cha BSA cha Birmingham kilianza mwaka 1905 kutengeneza bunduki ya upepo iliyobuniwa na Lincoln Jeffries, watu wengi huzifungua bunduki hizi katika vibanda vilivyo nyuma ya nyumba zao. Vibanio huuzwa huko tayari, lakini wengi hujiundia vyao, na seremala yeyote wa kambini aweza kufanya vivyo hivyo. Huchukuliwa ubao mgumu, mnene, uliozidi urefu wa bunduki. Mwisho mmoja hufungwa gogo dogo lililotiwa ngozi ili lipokee mdomo wa mtutu. Katikati huwekwa viegemeo viwili vya mbao vilivyochongwa mkato, silinda ilale humo bila kuyumba, na mkanda wa kuifunga. Mwisho wa pili hukazwa gogo jingine lenye nati kubwa, na ndani ya nati hupita bolti ndefu ambayo itakisukuma kizibo. Kati ya bolti na kizibo hutiwa kipande cha mti mgumu au cha shaba, chuma kisikwaruzane na chuma.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni bolti fupi. Uzi wa bolti usipungue sentimita 15. Bolti fupi humalizika kabla springi haijamaliza kunyooka, na hapo mtu hujikuta amesimama mbele ya springi iliyofunguliwa nusu, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Aliye na kibanio kirefu cha seremala, kile cha kubania milango inapogundishwa, hahitaji kuunda kingine, almradi aongeze viegemeo ili silinda isiteleze upande.

Kazi yenyewe huendelea hivi. Bunduki huhakikishwa kwamba haikukokiwa wala haina punje ndani. Kitako cha mti huondolewa kwa kufungua skrubu zake, kisha silinda hulazwa katika kibanio. Bolti hukazwa mpaka uzito wa springi uondoke juu ya pini; alama yake ni kwamba pini huanza kuzunguka kwa vidole. Ndipo pini husukumwa itoke, na bolti hulegezwa nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Muda wote huo kichwa cha mtu kiwe ubavuni, kamwe kisiwe nyuma ya bolti, na macho yavikwe miwani ya kazi. Bunduki ya Kijerumani ya Diana 34 ina pini mbili, na zote hutolewa kabla ya kulegeza bolti. Zile za Weihrauch kama HW35 zina kizibo cha kuzungusha, na hizo huwadanganya watu zaidi, maana uzi hufunguka kwa upole mpaka ule wa mwisho unapoachia, na springi ingali inasukuma.

Sasa bisibisi. Ile ya nyumbani, ambayo pengine imefungulia makopo ya rangi kwa miaka, ncha yake ni kama kabari: nyembamba mwishoni na nene juu. Ikiingizwa katika skrubu iliyokaza hupanda juu na kuuparua mfereji, na skrubu iliyoparuliwa ni aibu ya fundi kwa muda wote bunduki itakapoishi. Bisibisi ifaayo ina ncha yenye pande sambamba, inayoujaza mfereji kwa upana na kwa unene, isichezecheze. Si lazima kununua mpya. Bisibisi ya zamani iliyo ya chuma kizuri hunolewa kwa tupa na jiwe, polepole, huku ikijaribiwa katika skrubu yenyewe. Mbili zatosha: pana kwa skrubu za kitako, na nyembamba kwa zile za kifyatulio. Baadhi ya bunduki za siku hizi zina skrubu za tundu la pembe sita, nazo hutaka ufunguo wake.

Kwa pini hutakiwa ufito wa chuma wenye ncha bapa, mwembamba kidogo kuliko pini. Msumari uliokatwa ncha ukasawazishwa kwa tupa husaidia pale pini inapotoka kwa urahisi, lakini kwa pini kaidi hupinda. Nyundo iwe ndogo, ya shaba au ya mti. Nyundo ya kupigilia misumari ya paa iachwe darini.

Mama wa nyumba naye ana lake hapa, maana vifaa vingine bora vya kazi hii hutoka kwake. Sinia lenye kingo huzuia pini zisibingirike chini. Trei ya mayai hupokea vipande kwa mpango wa kutolewa kwake, tundu la kwanza kipande cha kwanza, hata wakati wa kufunga hakuna kubahatisha. Mswaki uliochakaa na kikombe cha mafuta ya taa husafisha springi. Ufito wa mti uliozungushiwa kitambaa hupangusa ndani ya silinda. Ila mafuta ya taa yakaushwe kabisa kabla ya kufunga. Hewa inaposhindiliwa kwa ghafula hupata moto mkali, na mafuta ya taa au ya injini yaliyobaki mbele ya pistoni huwaka kama ndani ya injini ya dizeli. Sauti huwa kubwa, moshi hutoka mdomoni mwa mtutu, na mwenye bunduki hufurahi akidhani ameipa nguvu, kumbe anaiunguza washa na kuivunja springi yake. Bunduki za zamani zenye washa ya ngozi hupenda tone moja la mafuta ili ngozi isikauke. Zile zenye washa ya plastiki hutosheka na grisi nyeusi ya molibdeno, ikipakwa nyembamba.

Tupa ndogo na msasa laini zina kazi moja tu hapa. Mifereji iliyokatwa ubavuni mwa silinda huwa na kingo kali kama wembe, nazo huweza kuichana washa mpya inapoingizwa mara ya kwanza. Kingo hizo zisuguliwe mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha vumbi la chuma lipanguswe lote. Jino la kifyatulio lisiguswe kwa tupa hata kidogo. Limenolewa kwa pembe yake kiwandani, na likipotezwa pembe hiyo bunduki yaweza kujifyatua yenyewe ikiwekwa chini.

Wako pia watakao springi ndefu zaidi ili bunduki ipige kwa nguvu zaidi. Nchini Uingereza, bunduki ndefu ya upepo inayozidi futi-ratili 12, yaani karibu jouli 16, huhesabiwa tangu kanuni za mwaka 1969 kuwa silaha ya kutakiwa kibali maalumu. Huko Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, hata zilizo chini ya kiwango hicho hutakiwa kibali. Kila nchi ina sheria yake, na njia fupi ni kuuliza kituo cha polisi kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Springi iwe ya kipimo kile kile cha kiwanda.

Bunduki ikisha kufungwa, isifyatuliwe tupu, kwani pistoni isiyo na punje mbele yake hujigonga vibaya mwishoni mwa silinda. Iwekwe punje, na ilengwe sanduku lililojazwa mchanga, watoto wakiwa ndani ya nyumba. Anayeweka punje aushike mtutu, au mkono wa kukokia, kwa mkono wa pili muda wote. Jino likiteleza, chuma hujifunga na vidole vilivyo katikati hukatika. Mapigo machache ya kwanza huweza kutoa moshi mwepesi na harufu ya grisi. Ikiwa baada ya mapigo ishirini moshi ungalipo, grisi ilizidi, na silinda irudishwe katika kibanio.