Radiohead hawakutusaliti

Ubishi wetu sisi wapenzi wa Radiohead, kundi la Waingereza, haujaisha: ipi bora, santuri ya OK Computer ya 1997 au Kid A ya 2000? Wenzangu wengi hushika ya kwanza, ambayo magitaa yake hulia yakakutoa machozi. Ya pili, wadai, ni milio ya mitambo mitupu, na Thom Yorke sauti kaivuruga makusudi.

Mimi nasema la! Magitaa yaliyowapa sifa waliyasukuma kando, wala hawakutoa singo hata moja, na bado Kid A ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Sisi watunzi twajua uzito wa kuihama bahari uliyoizoea. Anayetaka OK Computer nyingine airudie ile ile.